Meza ya Mlangoni

Jumatatu, kabla sijafuta vumbi
(vumbi gani? Tukuyu kuna ukungu,
unaingia bila hodi,
unakaa juu ya vitabu kama mgeni asiyejua kuaga),
ninavuka barabara na mwavuli wangu wenye ubavu uliovunjika
kwenda kusoma ubao wa Asegelile.

Wiki hii chaki inasema:
JUMAMOSI SAA NANE. KATUNI. DUBU MDOGO.
WATOTO MIA MBILI. MAKELELE MARUFUKU.

Ninarudi, ninakung'uta matope,
ninamsaka dubu katika rafu zote nne.
Fisi wapo. Sungura wapo wa kutosha kuanzisha kijiji.
Dubu nampata nyuma ya ripoti za chai,
panya kamla jalada, kabaki na sikio moja.
Namweka mezani, mlangoni, chini ya manila
niliyoiandika kwa mkono wangu:
UMEIONA? SASA ISOME.

Bwana mmoja wa wilayani alisimama hapo, akasafisha miwani:
"Maktaba imegeuka kibanda umiza?"
Sikubishana. Nikamfungulia daftari la kuazima.
Mei, kumi na moja.
Juni, sitini na nne.
Akaomba chai.

Ile wiki ya filamu ya theluji nilikwama.
Theluji sina, hata ya kuchora.
Nikaweka kitabu cha maua ya Kitulo,
nikakifungua penye picha ya shamba la viazi alfajiri,
majani yamevaa weupe, yameungua kwa baridi.
Subilaga akaitazama, akanitazama:
"Hii siyo theluji. Hii ni kwa bibi."
Ndiyo, mwanangu, ni kwa bibi.
Akavuta kiti. Alipoondoka
mvua ilikuwa imenyesha, imekatika, imeanza tena.

Sasa Ijumaa, jioni, natafuta funguo,
mlango unagongwa taratibu.
Asegelile.
Sauti ile inayopita kwenye kipaza kila Jumamosi,
ikawa radi, ikawa malkia, ikawa punda mwenye mafua,
leo imebaki ndogo, ya mtu aliyelowa:
"Ugonile, dada."

Anavua kofia. Anaikunja. Anaikunjua.
"Zile filamu, lugha yake siijui.
Natazama midomo tu, mengine natunga.
Miaka sita natunga, hakuna aliyelalamika.
Jumamosi iliyopita, ile ya samaki,
nimeshamuua mama, watoto wanalia vizuri kabisa,
Gwamaka, yule wa darasa la tatu, akasimama juu ya benchi:
'Muongo! Mama yake anarudi! Nimesoma!'
Na kweli, dada, dakika mbili mbele,
mama huyo, anakuja na mkia wake.
Ukumbi mzima ulicheka.
Basi nipe huyo dubu. Najua siye yule yule.
Lakini nimjue kidogo,
kabla hawajanijua mimi."

Nimerudisha funguo mfukoni.
Amekaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yamefika kidevuni,
kidole kinatembea chini ya mstari
kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.
Bati linapigwa na mvua, simsikii vizuri,
ila naona midomo: anajaribu sauti ya dubu,
nene mno; anairudisha, anaipunguza,
anaipata.
Kisha ananyanyua uso:
"Hivi ni kweli hawa hulala miezi mitano?
Na njaa je?"
Geuza ukurasa, namwambia.

Jumamosi asubuhi mezani pana pengo
lenye umbo la kitabu, pakavu kuliko kwingine.
Gwamaka anapagusa.
"Dubu yuko wapi?"
Ameazimwa.
"Na nani?"
Nafungua daftari, nalifunga.
Utamsikia, saa nane.